Mlima Uliotunza Miguu

Field ni kijiji cha reli. Kiko chini ya Mlima Stephen, mashariki mwa jimbo la British Columbia nchini Kanada, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yoho, mahali ambapo bonde limebana hadi mto Kicking Horse, reli na barabara kuu vinapita karibu kugusana. Treni za mizigo hupita mchana na usiku, ndefu kiasi kwamba ukianza kunywa chai wakati kichwa kinapita, utaimaliza kabla behewa la mwisho halijatokeza. Tulifika jioni moja ya Agosti, mimi na binti wa kaka yangu anayesoma Calgary, mji ulio kama kilomita 200 upande wa mashariki. Wageni wenzetu katika nyumba tuliyofikia walikuja kuona maziwa na maporomoko. Sisi tulifuata wanyama wa baharini, na bahari iliyo karibu, Pasifiki, iko mamia ya kilomita huko magharibi, nyuma ya safu za milima.

Wanyama wenyewe ni arithropodi, ukoo mkubwa wa viumbe wenye gamba gumu kwa nje, mwili wa pingili na miguu yenye viungo. Kaa, kamba na kamba kochi wamo. Nge, buibui, tandu, jongoo, nzi na nzige wamo pia. Aina zao zinazojulikana ni nyingi kuliko za wanyama wengine wote wakijumlishwa, na siri ya mafanikio hayo iko miguuni. Mchukue kamba mmoja wa soko la Feri, Dar es Salaam, umlaze chali. Papasi za kichwani, taya za kutafunia, miguu ya kutembelea, ile ya tumboni ya kuogelea, na mabapa ya mkiani: vyote ni kiungo kilekile kilichoundwa upya kwa kazi tofauti. Anayetaka kujua ukoo huu ulianzaje hana budi kuiona miguu ya wale wa mwanzo. Lakini miguu huoza upesi. Gamba la mgongoni likiwa na chokaa hudumu. Miguu, matamvua, utumbo na macho hutoweka ndani ya siku chache. Ndiyo maana karibu kila mahali penye visukuku vya bahari za kale utakuta magamba matupu. Milima iliyo juu ya Field ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako miguu ilibaki, na umri wa visukuku vyake ni kama miaka milioni 508.

Tulianza na Mlima Stephen. Njia inaanzia palepale kijijini, nyuma ya nyumba za watu, na haina huruma: karibu mita 800 za kupanda katika mwendo wa kilomita nne hivi. Hairuhusiwi kwenda bila mwongozaji. Wetu alikuwa mwanajiolojia kijana, mchache wa maneno, aliyetupa sheria kabla hata hatujafunga kamba za viatu. Okota, geuza, piga picha, kisha rudisha ulipokitoa. Mfukoni hakiingii kitu, hata kipande cha ukubwa wa ukucha.

Msitu wa misonobari ulitusindikiza hadi karibu saa sita. Kisha miti ikaisha ghafla na mbele yetu ukawa mteremko uliojaa mabamba ya mawe, maelfu kwa maelfu, yameporomoka kutoka juu na kutandazika. Niliinama kuokota moja. Lilikuwa na trilobiti. La pembeni yake pia. Nikageuza la tatu, nikakuta watatu wamelaliana. Nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yetu, imejaa hofu ya kweli: “Shangazi, sasa nikanyage wapi?”

Hapakuwa na pa kukanyaga pasipo na mnyama. Mwongozaji akamwelekeza aweke wayo wote chini bila kuuburuta, asije akachubua kilichochorwa kwenye jiwe.

Trilobiti ni jina la ukoo mzima wa arithropodi waliotoweka kama miaka milioni 252 iliyopita, baada ya kuishi baharini kwa zaidi ya robo ya miaka bilioni. Mwili wao umegawanyika kwa urefu katika sehemu tatu: uti uliotuna katikati na mabawa mawili ya pembeni. Wengi wa Mlima Stephen ni wa aina ya Ogygopsis klotzi, wenye mkia mpana karibu sawa na kichwa. Nilikaa na mmoja kwa muda mrefu, nikihesabu pingili zake kwa ncha ya kidole bila kumgusa. Mwongozaji alinionyesha kwamba mashavu yake ya pembeni hayapo, na hakuyapoteza kwa bahati mbaya. Arithropodi hakui bila kujivua gamba, na trilobiti alilipasua la kichwani kwenye mishono maalumu ili atoke. Wengi wa tuliokuwa tukiwatazama hawakufia hapo. Waliacha nguo na kwenda zao, na mnyama mmoja katika maisha yake aliweza kuacha nguo nyingi.

Wafanyakazi wa reli walikuwa wa kwanza kueneza habari za mawe haya yenye wadudu. Mwaka 1886 Richard McConnell wa idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Kanada alipanda na kukusanya. Kati ya vitu vilivyofika kwa wataalamu kulikuwa na kimoja kilichosumbua watu kwa karibu miaka mia. Tulikiona mlimani pia, maana kipo kwa wingi: kitu kilichopinda, chenye pingili, kimechongoka upande mmoja, na kila pingili ina miiba upande wa ndani. Mtu yeyote wa pwani angesema huyo ni kamba aliyekatwa kichwa. Joseph Whiteaves, mmoja wa wataalamu hao, alisema vivyo hivyo mwaka 1892 na kumpa jina Anomalocaris canadensis. Alishangaa tu kwamba kamba huyo hakuwahi kupatikana na kichwa chake.

Kichwa hakikupatikana kwa sababu hakikuwahi kuwepo. Kile kitu chote ni kiungo kimoja cha mnyama mwingine mkubwa zaidi, mkono wa kukamatia uliotoka mbele ya uso, nayo mikono hiyo ilikuwa miwili. Miaka ya baadaye, vinywa vya mviringo vya wanyama wa ukoo huohuo viliandikwa vitabuni kuwa ni kiwavi cha baharini, yule mwenye mwili wa maji anayewasha. Kiwiliwili kikaitwa jongoo bahari. Mnyama mmoja akawa watatu, kila mmoja na jina lake la Kilatini. Harry Whittington wa Cambridge alipokuwa akichokonoa sampuli moja taratibu aliona kinywa na mikono vimeungana na mwili mmoja, na mwaka 1985 yeye na mwanafunzi wake wa zamani Derek Briggs walichapisha picha kamili: mwindaji mwenye macho makubwa juu ya vikonyo, mabapa ya kuogelea ubavuni, na mikono miwili yenye miiba. Hana miguu ya kutembelea hata mmoja. Kiungo chenye pingili anacho mbele tu. Kwangu mimi hilo ndilo la kusisimua kuliko ukubwa wake, maana ni kama kumkuta babu wa ukoo wa mafundi akiwa na zana moja tu mkononi.

Usiku ule miguu yetu sisi ndiyo iliyokuwa ikilalamika. Tuliacha siku ipite, ndipo tukaelekea kwenye machimbo ya Walcott.

Safari hii ni ndefu zaidi, kilomita 22 kwenda na kurudi, na huanzia karibu na maporomoko ya Takakkaw, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 250 kwa mkupuo mmoja. Tulianza kabla jua halijafika bondeni. Njia hupanda kwa kona kona msituni hadi ziwa Yoho, kisha hukata ubavu wa Mlima Wapta juu sana, Emerald Lake likionekana chini kwa rangi ya kijani ambayo sikuamini ni ya maji. Rangi hiyo hutokana na unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu ya milimani. Sina zaidi la kusema juu ya mandhari. Kadi za posta zimeyasema yote.

Charles Doolittle Walcott alipita ubavu huuhuu mwishoni mwa Agosti 1909 akiwa na mkewe Helena na watoto wao, juu ya farasi. Alikuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian huko Washington na mtaalamu wa trilobiti asiye na mshindani. Njiani akapasua jiwe na kuona kitu ambacho macho yake ya miaka mingi hayakuwa yamezoea: wanyama wa jamii ya kamba wakiwa na papasi, miguu na matamvua. Aliwachora kwenye shajara yake. Mwaka uliofuata familia ilirudi na kutafuta tabaka mawe hayo yalikotoka, wakalipata juu ya mteremko kati ya milima Wapta na Field. Mnyama aliyepatikana na mwanawe Sidney akaitwa Sidneyia. Walirudi na nyundo, mitaimbo na baruti. Helena alifariki katika ajali ya treni mwaka 1911, na mwana mwingine, Stuart, aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1917, lakini Walcott aliendelea kupanda hadi 1924. Alikusanya sampuli zipatazo 65,000. Kazi za ofisi hazikumpa nafasi ya kuzichunguza zote, na alipofariki mwaka 1927 nyingi zilikuwa bado kwenye makabati.

Machimbo yenyewe ni kama kibaraza kilichokatwa mlimani kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Ukuta wake ni wa kijivu na umejengeka kwa kurasa nyembamba, na tabaka lililobeba hazina kubwa halizidi sana mita mbili kwa unene. Upepo ulikuwa mkali. Mwongozaji alipanga juu ya jiwe bapa sampuli zinazotunzwa pale kwa ajili ya wageni, akatupa lenzi.

Mwanzoni sikuona kitu. Visukuku vya hapa havina umbo lililotuna kama trilobiti wa Stephen. Ni utando mwembamba mno, mweusi juu ya weusi. Kisha mwongozaji akaliinamisha jiwe kuelekea jua na kulimwagia maji kidogo, na yule mnyama akawaka kama fedha. Alikuwa Marrella, mdogo kuliko pingili ya juu ya kidole gumba, mwenye pembe ndefu mbili zilizorudi nyuma, papasi mbele, na safu ya miguu myembamba kila mmoja ukiwa na nyuzi za tamvua pembeni. Niliihesabu miguu ile kadiri macho yalivyoweza. Nyuma ya mwili kulikuwa na doa jeusi lisilo na umbo. Hayo, mwongozaji alisema, ni maji ya mwili wake, yaliyokamuliwa nje alipoanza kuharibika ndani ya tope.

Marrella ndiye mkazi mkuu wa mahali hapa. Zaidi ya 25,000 wamekusanywa. Mmoja wao, aliyeandikwa katika jarida la Nature mwaka 2004, alizikwa katikati ya kujivua gamba, nusu ndani na nusu nje, pembe laini zikiwa bado zimekunjika. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka kaa wa mikoko aliyetoka kujivua, alivyo laini na alivyo hoi, na jinsi anavyojificha siku hizo. Huyu hakupata pa kujificha.

Kwa nini miguu haikuoza? Zamani zile bara hili lilikuwa karibu na ikweta na hapa palikuwa baharini, chini ya genge refu la chokaa lililojengwa na mwani na vijidudu. Wanyama waliishi penye tope karibu na genge hilo. Mara kwa mara tope liliporomoka na kuwafunika ghafla, laini kiasi cha kupenya kati ya mguu na mguu, nao wakazikwa mahali ambapo bakteria wa kuozesha hawakuweza kufanya kazi yao sawasawa. Baadaye, milima ilipoinuliwa na mawe ya sehemu nyingine kukunjwa na kupondwa, chokaa nene ya genge lilelile iliyakinga haya.

Kwa kuwa tope lilipenya katikati, mguu mmoja unaweza kuwa kwenye ukurasa mmoja wa jiwe na mguu wa pili kwenye ukurasa wa chini yake. Walcott alizitazama sampuli kama picha bapa. Whittington aliyeanza kuzichunguza upya miaka ya 1960 alielewa kuwa ni vitu vyenye kina, na kwamba kwa sindano na uvumilivu unaweza kuondoa gamba la juu, punje kwa punje, na kukuta miguu chini. Alitegemea kuipata miguu ya namna hiyo kwa mnyama aitwaye Opabinia. Hakuipata. Badala yake alikuta macho matano na mkonga mmoja wenye kikucha mwishoni, na alipoonyesha mchoro wake kwenye mkutano wa wataalamu huko Oxford mwaka 1972, ukumbi mzima ulicheka. Stephen Jay Gould aliandika kitabu maarufu mwaka 1989 akidai kwamba wengi wa wanyama hawa walikuwa koo zilizopotea kabisa, zisizo na ndugu leo. Mimi nadhani waliomfuata walifanya kazi ngumu zaidi: walionyesha kuwa Opabinia na Anomalocaris wanakaa kwenye shina la arithropodi wenyewe, chini kidogo ya matawi tunayoyajua. Ni ndugu, wa mbali lakini ndugu.

Tukiwa tumekaa tukila mikate yetu nilimweleza binti yetu jambo lililokuwa likinizunguka tangu asubuhi. Mwaka uleule wa 1909, Wajerumani walianza kuchimba dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, chini ya utawala wao wa kikoloni. Boheti bin Amrani alisimamia wachimbaji, na wapagazi walibeba mifupa mabegani na vichwani hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin hadi kufikia 1913, na huko ndiko ziliko. Hazina ya mlima huu nayo ilikwenda Washington. Tofauti ni yaliyofuata. Tangu 1975 Makumbusho ya Royal Ontario ya Toronto yamekuwa yakichimba hapa yenyewe, mkusanyiko mwingine mkubwa umejengwa ndani ya Kanada, mahali pakatangazwa urithi wa dunia mwaka 1980, na mtoto wa shule wa Field anaweza kupanda na kushika jiwe lenye Marrella. Natamani mtoto wa Lindi apate haki hiyohiyo Tendaguru: njia iliyosafishwa, mwongozaji aliyesomea kazi yake, na mifupa ya kugusa. Binti yetu akajibu, “Basi shangazi, nani ataanza?” Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake ni zuri kuliko hotuba zote nilizozisikia juu ya urithi.

Kabla ya kushuka mwongozaji alitoa picha za sampuli ambazo mgeni hawezi kuzishika. Wa kwanza alikuwa Waptia, mnyama wa umbo la kamba aliyepewa jina la mlima tuliokuwa tumeuegemea. Wachunguzi waliangalia sampuli 1,845 na katika 5 kati ya hizo wakakuta mayai yamepangwa pande mbili chini ya gamba. Ni mama aliyekuwa amebeba wanawe, miaka milioni 508 iliyopita. Nyingi kati ya sampuli za mnyama huyu zilikaa kwenye makabati miongo mingi, mikononi mwa watu waliozipenda na kuzitunza, na hakuna aliyejua.

Wa pili alinigusa zaidi. Mollisonia plenovenatrix alitangazwa mwaka 2019 na Cédric Aria na Jean-Bernard Caron kutoka eneo jipya la Marble Canyon, katika hifadhi jirani ya Kootenay. Ni mnyama wa ukubwa wa dole gumba. Mbele ya kinywa chake kuna jozi ya vibanio vidogo, na hivyo vibanio ndivyo alama ya ukoo wa buibui na nge. Meno ya buibui anayening’inia kwenye pembe ya dari, kule kwetu, ni kiungo hichohicho. Miaka miwili kabla yake, mnyama mwingine wa Marble Canyon, Tokummia, alionyesha taya za mwanzo za ukoo wa kaa, tandu na wadudu. Jiwe la korongo moja limetoa kiungo cha mbele cha matawi yote mawili makuu ya arithropodi walio hai.

Kushuka kulituchukua hadi jua likaegemea. Miguu ilitetemeka, nami sikusema sana.

Kwa anayetaka kwenda, msimu ni kuanzia Julai hadi Septemba. Nje ya hapo theluji huziba njia. Nafasi huuzwa miezi mingi kabla na hujaa, na kila kundi huwa dogo. Zinauzwa na idara ya hifadhi za taifa ya Kanada na taasisi ya Burgess Shale Geoscience Foundation, yenye jina la mawe haya, iliyoko Field. Beba nguo ya mvua hata kama mbingu ni safi, na maji ya kutosha. Ukiweza kupanda milima yote miwili, anza na Stephen. Ukishaona magamba matupu kwa maelfu, ndipo utakapojua umeonyeshwa nini pale juu, mwongozaji akiinamisha jiwe kuelekea jua. Na msomaji ambaye magoti yake hayaruhusu, hasa Waswahili walioko Toronto na vitongoji vyake, visukuku hivi viko kwenye ukumbi wa Dawn of Life wa Makumbusho ya Royal Ontario, uliofunguliwa Desemba 2021. Nendeni na watoto, na wapeni muda wa kuhesabu miguu.